Sophie Germain: Msichana aliyenyang'anywa mishumaa kwa kupenda hesabu

Kabla hatujaanza, chukua kalamu na karatasi. Andika nambari tasa yoyote unayoijua, izidishe mara mbili, kisha ongeza 1. Ukianza na 3 utapata 7. Ukianza na 5 utapata 11. Majibu yote mawili ni tasa pia, sivyo? Sasa jaribu 7. Mara mbili ni 14, ongeza 1 upate 15. Hapo umekwama, kwa sababu 15 ni 3 mara 5. Jaribu 11, utapata 23, imekubali tena. Jaribu 13, utapata 27, imekataa.

Zile zinazokubali, yaani 2, 3, 5, 11, 23, 29, 41 na wenzake, zinajulikana kote duniani kama nambari tasa za Sophie Germain. Na huyo Sophie, usidhani alikuwa profesa wa chuo kikuu fulani. Hakuketi kwenye darasa la chuo hata siku moja. Karo haikuwa shida, kwao walikuwa na pesa. Akili ndiyo usiseme. Alifungiwa mlango kwa sababu moja tu: alikuwa mwanamke.

Ngoja kwanza tukumbushane mambo mawili matatu, maana najua kuna msomaji ambaye akisikia vigawo na vigawe anachanganyikiwa. Kigawo cha nambari ni kile kinachoigawanya bila kubakisha kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, basi, vimeisha. Kigawe ni kile unachopata ukiizidisha nambari hiyo: 12, 24, 36, 48, na hivi haviishi hata ukeshe. Ukipewa viti 12 uvipange kwa safu zilizo sawa, vigawo ndivyo vinavyokuonyesha njia ulizo nazo. Safu 2 za viti 6, safu 3 za viti 4, na kadhalika. Lakini ukipewa viti 13, utafanya nini? Utavipanga mstari mmoja mrefu, huna lingine. Kumi na tatu ni nambari tasa: vigawo vyake ni viwili tu, 1 na yenyewe. Ndiyo maana 1 si tasa. Ina kigawo kimoja pekee, na hapo ndipo mitihani hupenda kukutega. Mtego mwingine ni 91, ambayo ina sura ya tasa kabisa lakini ni 7 mara 13.

Jina lenyewe hunichekesha kidogo. Tasa kwa Kiswahili ni asiyezaa, ilhali hizi ndizo nambari zinazozizaa nyingine zote. Ivunje 12 upate 2 × 2 × 3. Ivunje 60 upate 2 × 2 × 3 × 5. Nambari yoyote nzima iliyozidi 1, ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa tasa.

Haya, sasa turudi Ufaransa.

Sophie alizaliwa jijini Paris tarehe 1 Aprili 1776. Babake, Ambroise-François Germain, alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1789, Sophie akiwa na umri wa miaka 13, mambo yaliharibika mjini. Tarehe 14 Julai umati ulivamia gereza la Bastille na Mapinduzi ya Ufaransa yakawaka. Babake alikuwa miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa kuwakilisha raia wa kawaida kwenye bunge la mwaka huo, kwa hivyo nyumbani gumzo lilikuwa siasa tupu, na nje barabarani ni vurugu. Msichana wa umri wake hangeruhusiwa kuzurura. Akabaki ndani na vitabu vya babake.

Kitabu kimoja kilikuwa historia ya Hisabati iliyoandikwa na Mfaransa aitwaye Montucla. Humo Sophie akasoma kifo cha Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa mji wa Syracuse. Inasimuliwa kwamba majeshi ya Kirumi yalipouteka mji huo mwaka 212 kabla ya Kristo, Archimedes alikuwa amezama katika michoro yake ya jiometri. Askari akamwamuru, mzee hata hakugeuka, na askari akamuua palepale. Wewe na mimi labda tungesema huyu mzee alikuwa mkaidi. Sophie aliona jambo tofauti. Kama kuna somo linaloweza kumfanya mtu asahau kwamba mji umetekwa, aliwaza, lazima somo hilo lina utamu usio wa kawaida. Akaanza kulisoma.

Wazazi hawakufurahia. Siku hizo iliaminika kwamba msichana wa familia ya heshima akijishughulisha na hesabu ataharibika, na hata mume hatapata. Wakamkataza. Sophie akawa anasoma usiku wenzake wakilala. Walipogundua, wakaanza kumnyang'anya mishumaa, wakazima moto chumbani, wakamwondolea hata nguo za joto ili baridi imlazimishe kukaa kitandani. Na hii ni baridi ya Paris, si ile ya Julai unayoijua wewe. Binti akanyamaza, akaficha mishumaa yake, akawa anangoja nyumba itulie kisha anajifunga mablanketi na kuendelea. Asubuhi moja walimkuta amesinzia mezani, wino umeganda barafu ndani ya kidau, na karatasi imejaa hesabu. Wakashindwa. Kuanzia hapo wakamwacha asome, na babake ndiye aliyekuja kumlisha na kumtunza maisha yake yote, kwa sababu Sophie hakuolewa na hakuna aliyewahi kumpa kazi ya mshahara.

Vitabu vingi vizito vya Hisabati vilikuwa kwa Kilatini, na hakuwa na mwalimu. Alijifunza Kilatini mwenyewe ili aweze kuwasoma Newton na Euler. Ukiwahi kulalamika kwamba Hisabati ni ngumu kwa sababu inafunzwa kwa Kiingereza, mkumbuke binti huyu kidogo.

Mwaka 1794, alipokuwa na umri wa miaka 18, chuo cha École Polytechnique kilifunguliwa Paris. Wanahisabati bora wa nchi walifundisha hapo. Wanawake hawakuruhusiwa, lakini kulikuwa na mianya miwili. Kwanza, maandishi ya mihadhara yalipatikana hata kwa mtu wa nje. Pili, wanafunzi walitakiwa kuandika maoni yao na kuyawasilisha kwa mhadhiri. Sophie akapata maandishi ya mihadhara ya Joseph-Louis Lagrange, akaandika kazi yake, na chini akatia sahihi ya jina la kiume: LeBlanc.

Lagrange alishangaa. Kazi ilikuwa safi mno. Akataka kumjua huyo kijana LeBlanc, na katika kumtafuta akagundua ni binti wa muuza hariri. Hapa Lagrange anastahili heshima yake. Hakumfukuza wala kumdhihaki, bali alimpongeza na kumtia moyo. Lakini kumbuka, hakuwa na uwezo wa kumwingiza chuoni. Habari zikaenea Paris kwamba kuna msichana anayejua hesabu, watu wakaja kumwona kama wanaokwenda kumtazama ndege wa ajabu. Wengi walimsifu. Wa kuketi naye na kumfundisha kwa mpango, kutoka mwanzo hadi mwisho, hakupatikana. Shikilia jambo hili, litarudi.

Mwaka 1801 Mjerumani aitwaye Carl Friedrich Gauss, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, alichapisha kitabu kuhusu nambari nzima: vigawo, mabaki ya kugawanya, nambari tasa na siri zake. Kilikuwa kwa Kilatini na kigumu kama jiwe. Sophie alikisoma, akakielewa, na mwaka 1804 akamwandikia Gauss barua. Kwa kuogopa kudharauliwa, akatumia tena jina la LeBlanc. Gauss akajibu kwa furaha, na barua zikaendelea.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliivamia Prussia na kufika Braunschweig, mji aliokuwa akiishi Gauss. Sophie akakumbuka nini? Archimedes. Mwanahisabati ndani ya mji uliotekwa, na askari mlangoni. Kwa bahati, jenerali mmoja, Pernety, alikuwa rafiki wa familia yao. Sophie akamwandikia amlinde Gauss. Jenerali akamtuma afisa, afisa akamkuta Gauss yuko salama na kumwambia kwamba anayemjali hivyo ni Mademoiselle Germain wa Paris. Gauss akabaki ameduwaa. Hakumjua mwanamke yeyote wa jina hilo.

Basi mwanzoni mwa mwaka 1807 Sophie akaandika barua ya kukiri: yeye ndiye LeBlanc. Fikiria moyo ulivyomdunda akingoja jibu. Jibu lilipofika, Gauss alieleza kwamba mwanamke, ambaye mila zinamwekea vikwazo vingi kuliko mwanamume, akivuka vyote na kufika ndani kabisa ya siri za nambari, basi lazima ana ujasiri na kipaji kisicho cha kawaida. Ni barua nzuri. Ila baada ya muda mfupi Gauss alihamia Göttingen, akazama katika elimu ya nyota, na akaacha kumjibu. Mimi sijui nimlaumu au nimwache. Kwake ilikuwa barua moja kati ya nyingi. Kwa Sophie, ilikuwa karibu shule nzima.

Tuje sasa kwenye kazi yake yenyewe. Unajua kwamba 3 × 3 ukijumlisha na 4 × 4 unapata 5 × 5, yaani 9 na 16 ni 25. Karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alidai kwamba ukipanda kutoka kipeo cha pili hadi cha tatu, cha nne, cha tano na kuendelea, jambo hilo haliwezekani kabisa kwa nambari nzima. Hakuacha uthibitisho. Wanahisabati wakaanza kulishambulia swali kipeo kimoja kimoja: huyu anapambana na cha tatu, yule na cha nne. Kwa mwendo huo usingemaliza, kwa sababu vipeo haviishi.

Sophie alikuja na njia ya kushika vipeo vingi kwa mkupuo. Na silaha yake ni ule mchezo tulioanza nao, mara mbili ongeza 1. Chukua kipeo cha 5. Mwenzake ni 11. Sasa chukua nambari yoyote isiyo kigawe cha 11, izidishe yenyewe hadi kipeo cha tano, kisha ugawanye kwa 11 na utazame baki. Kwa 2 unapata 32, baki ni 10. Kwa 3 unapata 243, baki ni 1. Kwa 4 unapata 1024, baki ni 1. Kwa 6 unapata 7776, baki ni 10. Jaribu nyingine yoyote, baki litakuwa 1 au 10, hakuna la tatu.

Umeona ujanja? Tuseme kuna nambari mbili ambazo vipeo vyake vya tano vikijumlishwa vinatoa kipeo cha tano cha nambari nyingine, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo kigawe cha 11. Upande wa kujumlisha, mabaki yatakuwa 1 na 1, jumla 2. Au 1 na 10, jumla 11, yaani baki 0. Au 10 na 10, jumla 20, yaani baki 9. Lakini upande wa pili unadai baki liwe 1 au 10. Haiwezekani! Kwa hivyo mojawapo ya nambari hizo tatu lazima iwe kigawe cha 11. Kutoka hapo, kwa hatua ndefu zaidi ambazo sitakuchosha nazo, Sophie alionyesha kwamba lazima mojawapo iwe kigawe cha 5 pia. Na hoja hiyo haikuwa ya 5 pekee. Ilifanya kazi kwa kila nambari tasa witiri inayokubali ule mchezo, na kwa kutumia tasa wenza wa aina nyingine pale mchezo unapokataa, akazifikia tasa zote witiri zilizo chini ya 100. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Alikuwa pia na mpango mkubwa wa kulimaliza swali lote la Fermat. Mpango ulishindikana, na yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwa nini. Ulimwengu ulikuja kujua ukubwa wa kazi hiyo baada ya watafiti kuyafungua maandishi yake yaliyokaa maktabani zaidi ya karne moja. Wakati wake, kilichotangazwa ni sehemu tu, ndani ya kazi ya Adrien-Marie Legendre miaka ya 1820, ambapo jina la Sophie lilitajwa katika tanbihi chini ya ukurasa. Swali lenyewe lilijibiwa na Mwingereza Andrew Wiles, na uthibitisho wake ukachapishwa mwaka 1995.

Kuna jambo jingine lenye jina lake, na hili unaweza kuwachezea wenzako shuleni. Waambie wachague nambari nzima yoyote iliyozidi 1, waipandishe hadi kipeo cha nne, waongeze 4. Kisha uwabetie soda kwamba hawatapata nambari tasa kamwe. Akichagua 5, kipeo cha nne ni 625, ongeza 4 ni 629. Ataitazama, ataijaribu kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, ataanza kukucheka. Wewe fanya hivi: 5 mara 5 ni 25, ongeza 2 ni 27. Sasa mara mbili ya 5 ni 10. Jumlisha, upate 37. Toa, upate 17. Mwambie azidishe 17 kwa 37. Akichagua 9, utapata 83, jumlisha na utoe 18, vigawo vyako ni 101 na 65. Ukiwa umesoma aljebra ya sekondari, utaona mwenyewe kwa nini haikosei.

Turudi Paris. Mwaka 1808 Mjerumani Ernst Chladni alifika akionyesha kitu kilichowaacha watu vinywa wazi. Anachukua bamba la chuma, ananyunyiza mchanga juu, anasugua ukingo kwa uta wa fidla, na mchanga unajipanga wenyewe kwa maumbo ya kupendeza. Napoleon alivutiwa, na zawadi ikatangazwa kwa atakayeeleza kwa Hisabati kwa nini bamba linatikisika hivyo. Wakubwa waliliogopa swali. Muda ulipokwisha mwaka 1811, kulikuwa na jibu moja tu, la Sophie.

Na lilikuwa na makosa. Hapa ndipo lile la kukosa mwalimu linaporudi. Alikuwa na wazo zuri, lakini mbinu fulani ambazo mwanafunzi wa chuo angefundishwa kwa utaratibu yeye hakuwahi kufundishwa. Lagrange, aliyekuwa jaji, akaisahihisha fomula yake. Sophie akajaribu tena mwaka 1813, akapewa sifa ya heshima bila zawadi. Akajaribu mara ya tatu, na tarehe 8 Januari 1816 akatangazwa mshindi, mwanamke wa kwanza kushinda zawadi ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Watu walikuja kumwona akipokea. Hakutokea. Majaji walikuwa wamesema kazi bado ina kasoro, na mmoja wao, Poisson, alikuwa mshindani wake katika swali hilohilo. Sophie alikuwa na sababu za kubaki nyumbani.

Hata baada ya ushindi huo hakuruhusiwa kuhudhuria vikao vya akademia. Wake wa wanachama waliruhusiwa kuingia kutazama, yeye mwenye kuishinda zawadi yao hapana. Ilichukua miaka mingine kadhaa, hadi rafiki yake Joseph Fourier alipokuwa katibu, ndipo akapata kiti.

Mwaka 1829 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Aliendelea kuandika akiwa na maumivu, na tarehe 27 Juni 1831 akafariki akiwa na umri wa miaka 55. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa kazi, karani aliandika kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuishi kwa mapato ya mali yake. Neno mwanahisabati halikuwepo. Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mwaka 1889, ulizungushiwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Lagrange yupo. Legendre yupo. Fourier yupo, hata Poisson yupo. Sophie, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi chuma kinavyopinda na kutikisika, hayumo, wala mwanamke mwingine yeyote.

Nambari zake ndizo zilizobaki, na bado zina kazi. Wenza wake, zile unazopata kwa mara mbili ongeza 1, zikiwa kubwa sana hutumika kwenye intaneti kompyuta mbili zinapokubaliana ufunguo wa siri. Na hadi leo hakuna aliyethibitisha kama nambari tasa za Sophie Germain zina mwisho au la. Ukianza na 2 na kurudia mchezo, unapata 5, 11, 23, 47, kisha 95, ambayo ni 5 mara 19, umekwama. Kalamu yako bado iko hapo? Anza na 89. Mimi nilihesabu nambari tasa sita, pamoja na hiyo 89, ndipo ikakataa.